Kabla hujamlaumu kiboko, uliza mfereji uko wapi

Kama umewahi kubebwa na nduthi kutoka Dunga kurudi tao baada ya saa tatu usiku, pengine unajua ile hali. Taa ya pikipiki inamulika kitu kikubwa kando ya barabara. Unafikiri ni gari limeharibika. Halafu gari linageuza kichwa.

Jamaa aliyenibeba hakupiga honi. Alisimama mbali kidogo, akazima injini, akaniambia kwa sauti ya chini, "Omera, tulia. Rao huyo." Tukakaa gizani kama watu wanaosubiri mvua ipite. Tulimsikia akikata nyasi, sauti kama ya mtu anayerarua gunia. Baada ya muda akavuka barabara bila haraka yoyote, akaingia kwenye mafunjo, nasi tukaendelea na safari. Sina picha. Kama wewe unayo picha ya kiboko uliyoipiga usiku ukiwa karibu vile, una bahati kuliko akili, na tutarudi kwa hilo.

Nilipoisimulia kwenye grupu letu la WhatsApp wengi walicheka. Wachache waliuliza swali ambalo nimelisikia tangu nikiwa mtoto: kwa nini KWS hawaji kuwapiga risasi wote, watu waishi kwa amani? Si swali la kipuuzi. Habari za mvuvi aliyepinduliwa na kiboko Ghuba ya Winam huja na kurudi, mwaka baada ya mwaka. Ukiwa umezaliwa Milimani unaweza kuzisoma kama stori ya mbali. Ukiwa umezaliwa Dunga, Usoma, Nyamware au kule Port Victoria, marehemu ni mtu unayemjua kwa jina, na pengine mlisoma darasa moja.

Lakini mimi naona tunauliza bunduki kabla ya kuuliza mambo mengine. Nipe dakika zako kumi.

Tuanze na mnyama mwenyewe, maana wengi wetu tunamjua kwa jina tu. Mtaani kiboko ni mtu asiyeshindwa. Shuleni kiboko kilikuwa kile kitu mwalimu alikiweka juu ya kabati, na jina halikuja bure: viboko vya zamani vilikatwa kwenye ngozi ya mnyama huyu. Dume aliyekomaa hupita kilo 1,500, uzito wa gari dogo la saluni na abiria wake. Chonge zake hufika nusu mita. Nchi kavu anaweza kukimbia kama kilomita 30 kwa saa, kwa hivyo sahau ile hadithi ya kwamba ni mnene utamwacha. Majini haogelei hasa, anatembea na kujisukuma juu ya sakafu ya ziwa, na anaweza kukaa chini kama dakika tano kabla ya kuja juu kuvuta pumzi. Ndiyo sababu mvuvi huona maji yametulia kabisa, halafu ghafla mtumbwi uko juu yake badala ya chini yake.

Na bado huyu mnyama hakuwindi. Anachotaka ni nyasi, karibu kilo 40 kwa usiku mmoja. Ngozi yake haivumilii jua, kwa hivyo mchana kutwa yuko majini. Giza likiingia anapanda nchi kavu kwa njia yake ileile ya jana na ya juzi, anaweza kwenda kilomita kadhaa akilisha, na kabla jua halijachomoza anarudi majini. Anamuua mtu kwa sababu mtu huyo amesimama kati yake na maji, au mtumbwi umepita karibu na ndama, au umeingia eneo ambalo dume analiona ni lake.

Sasa chora ramani kichwani. Upande mmoja ziwa. Upande wa pili nyasi. Katikati kuna ukanda mwembamba wa mafunjo, yale tunayoyaita togo. Huo ukanda kiboko anaupita mara mbili kila siku, na huo ndio ukanda ambao sisi tunautaka kwa kila kitu: kulima sukuma na mahindi, kukata togo ya kusukia mikeka, kuegesha mitumbwi, kufua, kujenga hoteli ya samaki yenye mandhari ya ziwa, na siku hizi ploti. Sheria zetu za maji na mazingira zinataka eneo la kando ya mto na ziwa liachwe bila majengo. Tembea kutoka Hippo Point kuelekea Dunga uhesabu mwenyewe kuta ulizoona.

Halafu weka saa juu ya ramani. Nani yuko kwenye ukanda ule saa moja jioni na saa kumi na moja alfajiri? Si mtu wa ofisini. Ni mvuvi wa omena, ambaye kazi yake ni ya usiku kwa lazima, kwa sababu omena hufuata mwanga wa taa na mwanga unafanya kazi vizuri usiku usio na mwezi. Yaani usiku mweusi kuliko wote, ndio usiku wa mavuno. Ni mama anayewahi samaki mitumbwi ikirudi, kabla wachuuzi wengine hawajafika. Ni kijana anayechota mchanga. Ni msichana mwenye mtungi wa lita 20 anayeteka maji kabla ya shule.

Huyu wa mwisho ndiye aliyenifanya niandike kichwa cha habari ulichosoma hapo juu. Kiwanda cha kusafisha maji ya Kisumu kiko Dunga palepale, kinavuta maji kutoka ziwa hilohilo na kuyapandisha mjini. Lakini ukifuata ufuo, kuanzia viunga vya jiji hadi Seme, Nyakach, Rachuonyo na Bunyala, bado utakuta familia zinazoteka maji ziwani kwa mkono, alfajiri na jioni, saa zilezile kiboko anapita. Na si kiboko peke yake. Mamba naye anapenda mtu aliyeinama kando ya maji. Tukisikia mtoto amevamiwa akiteka maji, habari huandikwa kuhusu mnyama. Hakuna anayeandika kwamba kama kungekuwa na kioski cha maji mita 200 kutoka nyumbani, yule mtoto hangekuwa pale.

Ndiyo, mfereji hautamsaidia mvuvi wa omena. Nakubali, na nitamfikia. Lakini kwa mtu wa mtungi, huo ndio ulinzi wa kwanza dhidi ya wanyamapori, na hauhitaji askari hata mmoja.

Kuna jambo jingine lililofanya mambo kuwa mabaya zaidi, nalo si kosa la mtu wa Dunga wala la kiboko. Mwezi Mei 2020 Ziwa Victoria lilifika kiwango kilichovunja rekodi ya 1964. Kama ulikuwa Kisumu wakati huo unakumbuka. Tulikuwa tumefungiwa kwa sababu ya korona na huku maji yanaingia kwenye mikahawa ya ufuoni. Kule Bunyala watu walihama nyumba zao, mto Nzoia ukisukuma kutoka juu na ziwa likirudisha maji kutoka chini. Mwaka 2024 mvua za masika zikaleta shida hiyohiyo tena.

Ziwa likipanda, kiboko hapotezi maji. Anapoteza nyasi. Malisho yake ya karibu yanazama, kwa hivyo anapanda zaidi, kupita mafunjo, hadi shambani, hadi uani. Wakati huohuo, binadamu aliyefurushwa na maji anahamia kwenye kipande kile kile cha ardhi kavu kilichobaki. Wawili wamesukumwa na ziwa moja hadi kwenye nyasi moja. Naivasha waliliona hili mapema. Agosti 2018, maji ya Ziwa Naivasha yakiwa juu kuliko kawaida na viboko wakizurura hadi kwenye viwanja vya hoteli na mashamba, mtalii kutoka Taiwan aliuawa na kiboko alipokuwa akipiga picha ufuoni, na mwenzake akajeruhiwa. Ukiniuliza kwa nini nilikuita mwenye bahati pale juu, ndiyo sababu.

(Kwa wale watakaosema Port Victoria si Kisumu: najua. Kisumu ilikuwa Port Florence, reli ilipofika 1901. Port Victoria iko Busia, karibu na mahali Nzoia inamwaga maji yake ziwani. Lakini ufuo ni ule ule, viboko ni wale wale, na wakulima wa kule wanayo malalamiko ya mpunga na mahindi yaliyokanyagwa kuliko sisi wa mjini.)

Sasa tuzungumze pesa, maana hapa ndipo mimi hupandwa na hasira.

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 inasema wazi. Mtu akiuawa na mnyama aliyeorodheshwa, familia italipwa shilingi milioni 5. Akipata ulemavu wa kudumu, milioni 3. Akijeruhiwa kwa namna nyingine, hadi milioni 2 kulingana na majeraha. Kiboko yumo kwenye orodha. Mamba pia. Mazao na mifugo vilevile vina fidia yake. Ukiisoma vile ilivyoandikwa unaweza kufikiri Kenya ni Uswisi.

Halafu fuata faili. Unaripoti, unajaza fomu, unaambatanisha ripoti ya polisi na ya daktari, na cheti cha kifo kama kuna kifo. Faili linaenda kwa kamati ya wanyamapori ya kaunti, ikutane, ikague, ipendekeze. Kisha linapanda Nairobi wizarani. Kisha linasubiri Hazina. Serikali yenyewe imekiri mara kwa mara kwamba madai yaliyorundikana ni ya mabilioni ya shilingi, na kuna familia nchini zilizongoja miaka mingi hadi watoto waliokuwa chekechea wakaanza kunyoa ndevu. Fidia imewahi kulipwa, ndiyo, na kila ikilipwa kunakuwa na hema, hotuba na hundi kubwa ya kadibodi. Lakini mjane wa mvuvi anahitaji karo muhula ujao, hawezi kungoja hema.

Kwa mtu wa ziwa kuna ugumu zaidi. Ukiuawa na ndovu shambani, nyayo ziko pale, mashahidi wako pale. Mtumbwi ukipinduliwa saa tisa usiku katikati ya gugu maji, nani atathibitisha ilikuwa kiboko na si wimbi? Mwili wenyewe unaweza kupatikana siku tatu baadaye, upande mwingine. Na kwa mkulima kuna kifungu cha kuumiza: fidia ya mazao inaweza kukataliwa ikiwa hukuchukua hatua za kujikinga, au ikiwa matumizi ya ardhi yako hayaendani na mpango wa uhifadhi wa eneo hilo. Mkulima wa kando ya maji ni nani kwa macho ya sheria hii? Anaweza kuonekana yeye ndiye mvamizi.

Nisikilize vizuri hapa, kwa sababu najua comments zitakuja. Sisemi mvuvi ndiye mwenye makosa kwa kuwa karibu na ziwa. Babu yake alikuwa pale. Tofauti ni kwamba babu yake alikuwa na mafunjo mapana, watu wachache, na kiboko mwenye njia yake. Mjukuu hana hata kimoja kati ya hivyo.

Sasa linganisha na Nairobi. Mapema 2024 fisi walishambulia watu karibu na Chuo Kikuu cha Multimedia, upande wa Rongai. Wanafunzi wakafunga barabara ya Magadi, nchi nzima ikajua, maafisa wakaonekana. Aprili 2025 simba jike aliingia makazi yaliyo kando ya Mbuga ya Nairobi akamuua msichana wa miaka 14. Ilisikika hadi vyombo vya habari vya ng'ambo. Ni haki yake isikike, mtoto ni mtoto. Ninachouliza ni hiki: mvuvi wa Winam akiuawa, mbona ni aya mbili kwenye ukurasa wa kaunti, bila umri, wakati mwingine bila jina? Simba ni habari. Kiboko wetu ni kama hali ya hewa.

Tofauti moja kubwa ni kwamba wale wanafunzi walikuwa wengi, walikuwa pamoja, na walikuwa na barabara ya kufunga. Wavuvi usiku wametawanyika, wawili watatu kwa kila mtumbwi. Kamati za usimamizi wa fuo, zile BMU, zipo karibu kila ufuo, na kazi zake nyingi zinahusu samaki, nyavu na usafi. Kwa maoni yangu ndizo zingepaswa kuweka daftari la mashambulizi: tarehe, saa, mahali, nini kilitokea, nani aliona. Daftari la shilingi 100. Siku ya kamati ya fidia, hilo daftari lina uzito kuliko machozi, na kwa KWS linaonyesha mahali shida inarudia.

Kwa sababu kuna wakati bunduki, au mtego wa kuhamishia, ina nafasi yake. Kiboko aliyejeruhiwa na mkuki au waya, anayeshambulia mitumbwi sehemu moja wiki baada ya wiki, huyo askari wa wanyamapori lazima ashughulikiwe naye haraka, na kuchelewa ni uzembe. Lakini kuua wote ni ndoto. Dume akiondolewa, dume mwingine huchukua eneo lake, na anaweza kuwa kijana mwenye hasira zaidi. Halafu kiboko duniani kote yumo kwenye orodha ya wanyama walio hatarini, na ukweli ni kwamba hata kwetu kuna wanaomuua kimyakimya kwa ajili ya nyama. Mavi yake nayo, samahani kama unakula, ni sehemu ya chakula cha mto na ziwa. Kule Mara, watafiti walipiga hesabu kwamba viboko zaidi ya 4,000 humwaga mtoni tani kama 36 za mavi kwa siku, na Mara unaishia Ziwa Victoria upande wa Tanzania. Wakati mwingine yakizidi huua samaki kwa kumaliza hewa ndani ya maji, wakati mwingine huwalisha. Si mnyama wa kufuta tu kama programu kwenye simu.

Rafiki yangu mmoja anayeishi Chicago hunitumia video za koyoti, mnyama kama mbweha mkubwa, akitembea kwenye maegesho ya supamaketi kana kwamba ameenda kununua maziwa. Huko kuna wanasayansi ambao tangu 2000 wamekuwa wakiwafunga koyoti wa jiji vifaa vya kuwafuatilia, na waligundua kwamba wengi wao wanaishi katikati ya watu bila watu kujua, kwa kuhamishia maisha yao usiku. Katika Marekani na Canada yote, vifo vya watu vinavyojulikana kusababishwa na koyoti ni viwili: mtoto wa California 1981, na mwanamuziki wa kike wa miaka 19 huko Canada 2009. Viwili! Sisi hapa tungesherehekea.

Lakini somo moja la kule linatufaa. Mashambulizi mengi ya koyoti mijini huanzia kwa watu kuwalisha, hadi mnyama anapoacha kuogopa. Tumbili wa Milimani ni ushahidi wetu. Hifadhi ya Impala ilitengwa 1992, haifiki hata nusu kilomita mraba, na tumbili wake walijifunza zamani kwamba chapati iko nje ya ua. Uliyemrushia ndizi ili upate video, ndiwe unayelia akikunyang'anya mfuko. Na usiku viboko hutoka ziwani kuja kulisha kwenye nyasi za hifadhi hiyohiyo. Ni kama kilomita tatu tu kutoka katikati ya jiji.

Somo jingine la kule halitufai kabisa, na hapa uwe makini, kwa sababu TikTok haikuambii umetoka nchi gani. Mmarekani anaambiwa akikutana na koyoti apige kelele, ainue mikono, aonekane mkubwa. Ukimfanyia kiboko hivyo, umemtangazia vita. Kwa kiboko unakaa kimya, unarudi nyuma ulikotoka, na jambo la kwanza la kuangalia ni maji yako wapi: usiwe wewe uliye kati. Ukiwa kwenye pikipiki, simama mbali na uongoje, usijaribu kumpita. Akifungua mdomo wazi kabisa kama anayepiga miayo, hapigi miayo, anakuonya. Ukiona njia pana iliyolazwa kwenye nyasi au mafunjo inayoshuka hadi majini, hiyo si njia ya kwenda kupiga selfi. Kwenye boti ya Hippo Point, nahodha akikuambia hatusogei zaidi ya hapa, mshukuru na umwongeze pesa. Yule anayekubali kusogea kwa ajili ya mia mbili zako ndiye wa kuogopa.

Hizo boti zenyewe zinanifikisha kwa swali la nani anakula na nani analiwa. Mchana, kiboko ni mali. Tunalipa kumwona, hoteli zinaweka picha yake kwenye tangazo, jiji limeita kona yake nzuri zaidi ya kutazama jua likizama kwa jina lake. Usiku, gharama yake inalipwa na mtu aliyevaa koti la mvua ndani ya mtumbwi. Mara nyingi ni mtu yuleyule, nahodha wa mchana na mvuvi wa usiku, na ukimuuliza atakuambia hataki viboko waishe. Anataka taa kali kwenye ufuo wa kutia nanga, maboya ya kuokoa maisha, na simu ya KWS inayopokelewa saa tisa usiku. Mambo ya kawaida tu. Hajaomba fensi ya umeme kuzunguka ziwa.

Kwa hivyo ukiniuliza tudai nini, mimi ningeanza na kaunti kabla ya KWS. Bajeti ya kaunti hupita kwenye mikutano ya kushirikisha umma, ile ambayo sisi vijana huwa hatuendi kwa sababu tunafikiri ni ya wazee na soda. Kioski cha maji kwenye kila ufuo wa kutia nanga kinaweza kuingia pale. Taa za sola zinaweza kuingia pale. Kuziba au kuacha wazi njia za wanyama kwenye ramani ya mipango ya jiji kunaamuliwa pale. Mafunjo yaliyobaki Dunga, yale ya njia ya mbao ambapo watu huenda kutazama ndege, ni ukuta wa bure kati yetu na ziwa, na kila ploti inayokatwa humo inamsogeza kiboko karibu na mlango wa mtu. Mtu mwenye pesa akijenga ukuta kwenye njia ya kiboko, kiboko haachi kupanda. Anazunguka, na anatokea kwa jirani asiye na ukuta.

Wiki moja baada ya ule usiku nilimtafuta yule jamaa wa nduthi mchana nikamuuliza alijuaje kusimama pale kabla hata taa haijammulika vizuri. Akacheka. Akanipakia tukarudi ile barabara polepole, akinionyesha kwa kidole: wanavuka hapa, pale penye mti, na kule karibu na ukuta mpya, zamani walikuwa wanapita katikati ya hiyo ploti lakini sasa wanazunguka kwa kanisa. Alifundishwa na baba yake, aliyekuwa mvuvi. Niliangalia kila mahali alipoonyesha. Kulikuwa na bango la ploti zinazouzwa, bango la crusade, na bango la intaneti ya nyumbani. La kiboko hapakuwa.